Kuchemsha kwa injini katika malori ya zamani

Kuchemsha kwa injini ni hali ya injini ya gari kupata joto kupita kiwango ilichoundwa kustahimili, kwa kawaida kwa sababu mfumo wa kuipoza umeshindwa kuondoa joto kwa kasi inayolingana na linavyozalishwa. Hali hii hutokea zaidi katika malori ya zamani kuliko katika magari mapya, na chanzo chake mara nyingi hukosewa: gasketi hulaumiwa wakati kosa ni la mkanda, themostati hutupwa wakati kosa ni la rejeta. Makala hii inaeleza namna ya kutambua chanzo, kwa mfano wa malori yanayopanda ukingo wa Bonde la Ufa karibu na Kilimatinde nchini Tanzania.

Mazingira ya Kilimatinde

Kilimatinde ni kata ya Wilaya ya Manyoni katika Mkoa wa Singida. Zamani ilikuwa kituo kwenye njia ya misafara, kisha boma la Wajerumani. Siku hizi inafahamika pia kwa hospitali yake ya Kanisa Anglikana. Imekaa juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, ikitazama tambarare za Bahi upande wa mashariki. Reli ya Kati hupita jirani, Saranda, na barabara kuu kutoka Dodoma kwenda Singida hupanda ukingo huohuo kati ya Kintinku na Manyoni. Gari linalotoka Bahi, chini ya mita 900 juu ya usawa wa bahari, hufika Manyoni likiwa limevuka mita 1,200, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo hupandwa ukingoni.

Barabara hiyo hutumiwa na malori mapya ya masafa marefu yanayokwenda Mwanza, Rwanda na Burundi, lakini pia na Fuso, Isuzu na Scania za miaka mingi zinazomilikiwa na watu binafsi na kubeba mpunga, alizeti, vitunguu au mbao. Kwa mwenye lori moja, injini iliyonoki inaweza kumaanisha msimu mzima wa mavuno kupita gari likiwa juu ya magogo.

Mambo manne hukutana kwenye mlima huo. La kwanza ni mzigo: injini hufanya kazi kwa nguvu zote huku gari likienda polepole, kwa gia ndogo. La pili ni upepo. Katika miezi ya kiangazi upepo wa Dodoma na Singida huvuma kwa nguvu kutoka mashariki na kusini-mashariki, yaani kutoka nyuma ya lori linalopanda kwenda Manyoni. Lori likitembea kilomita 20 kwa saa na upepo ukilisukuma kwa kasi hiyohiyo, rejeta haipati hewa ya mwendo hata kidogo. Kila kitu kinategemea feni. La tatu ni mwinuko wenyewe, kwa kuwa hewa ni nyepesi na maji huchemka mapema zaidi. La nne ni maji ya kujazia, ambayo katika sehemu nyingi za Singida na Dodoma hutoka visimani yakiwa na chumvi na madini mengi.

Ndiyo maana lori linaweza kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma bila tatizo na kuchemsha kwa mara ya kwanza hapa. Mlima haukuliharibu. Umeonyesha tu kwamba uwezo wa kupoza ulikuwa umeshapungua.

Jinsi mfumo unavyofanya kazi

Injini ya dizeli ya zamani hugeuza takribani theluthi moja ya nishati ya mafuta kuwa kazi. Sehemu nyingine hutoka na moshi, na iliyobaki huingia katika chuma cha injini, nayo lazima iondolewe. Wota pampu husukuma maji kuzunguka silinda na kupanda kwenye kichwa cha silinda, ambacho mafundi hukiita hedi. Yakiwa bado baridi, themostati huyazuia yasiende kwenye rejeta na kuyarudisha kwenye pampu kwa njia ya mkato. Yakifika joto linalotakiwa, ambalo kutegemea injini huwa kati ya 76°C na 88°C, themostati huanza kufunguka na maji hupita kwenye mpira wa juu, hushuka ndani ya mirija ya rejeta, kisha hurudi kwa mpira wa chini. Feni huvuta hewa kupitia mapezi ya rejeta.

Kifuniko cha rejeta si kizibo tu. Springi yake huzuia mvuke hadi shinikizo lifike kiwango kilichoandikwa juu yake, kwa mfano baa 0.9. Kwa mwinuko wa Kilimatinde, maji yaliyo wazi huchemka karibu 96°C; chini ya shinikizo hilo huchemka karibu 117°C. Kwa hiyo kifuniko chenye mpira uliokatika huondoa akiba ya nyuzi 20 hivi, na injini ambayo haina ubovu wowote mwingine itamwaga maji mlimani. Kipuri hiki ndicho cha bei nafuu kuliko vyote katika mfumo mzima, na ndicho ambacho hubadilishwa mwisho.

Kuanzia kwenye geji

Kabla ya kufungua bolti yoyote inafaa kuhakikisha kwamba injini inachemsha kweli. Geji ya gari la miaka 30 hupotoshwa na waya uliolegea, arthi mbovu au kitambuzi cha joto kisichokuwa cha injini ile. Kipimajoto cha kuelekeza kwa mkono, ambacho sasa kinapatikana kwa mafundi wengi, hutoa jibu kwa dakika moja kikielekezwa kwenye mfuko wa themostati. Kisipokuwepo, dalili za kawaida zinatosha: mvuke, maji kutoka kwenye bomba la akiba, harufu ya rangi inayoungua, injini kupungua nguvu.

Kuna udanganyifu mmoja wa geji ambao umeua injini nyingi. Kitambuzi hupima joto la maji yanayokigusa. Maji yakiisha, kitambuzi hubaki hewani, na mshale unaweza kushuka ghafla kana kwamba injini imepoa. Dereva anayeona mshale uliokuwa juu ukirudi chini katikati ya mlima bila yeye kupunguza mwendo anapaswa kusimama papo hapo.

Wakati gani inachemsha

Swali lenye manufaa kuliko yote ni lini joto linapanda. Fundi mzoefu humhoji dereva, na utingo pia, kabla ya kushika spana.

Injini inayochemsha dakika chache tu baada ya kuwashwa, gari likiwa halijabeba kitu, haina shida ya ukubwa wa rejeta. Hapo hushukiwa themostati iliyoganda ikiwa imefungwa, maji kuwa machache, hewa iliyonaswa ndani ya mfumo, au gasketi ya hedi. Themostati iliyoganda hujulikana kwa mkono: injini ni ya moto sana lakini mpira wa juu na rejeta bado ni vya uvuguvugu.

Injini inayochemsha gari likiwa limesimama au likienda polepole, kisha ikapoa mara gari likishika kasi kwenye tambarare, inakosa hewa na si maji. Feni ndiyo ya kuangaliwa. Mkanda ukilegea au ukiwa na mafuta, feni na pampu huzunguka pungufu kwa pamoja. Feni yenye klachi ya mafuta mazito huchoka taratibu. Injini ikiwa ya moto na ikiwa imezimwa, feni inayozungushwa kwa kidole na kuendelea kuzunguka yenyewe mara kadhaa imekwisha. Kitu kingine kinachosahaulika ni kava linaloizunguka feni. Likivunjika na kutupwa, feni huvuta hewa ya pembeni badala ya ile inayopita kwenye rejeta.

Kinyume chake, injini iliyo salama ikiwa imesimama lakini inayopanda joto kila inapobebeshwa, iwe mlimani au katika mwendo wa kasi, kwa kawaida haipitishi maji ya kutosha. Rejeta imeziba ndani, mabawa ya wota pampu yameliwa na kutu, au mpira wa chini unajibana. Hili la mwisho ni gumu kuligundua kwa sababu mpira ukipoa hurudia umbo lake. Mtu mmoja akikanyaga mafuta gari likiwa limesimama na mwingine akiutazama, ataona mpira uliochoka ukinyonywa na kuwa bapa, hasa kama springi iliyokuwa ndani yake imetolewa.

Zipo pia sababu zilizo nje ya mfumo wa maji. Breki zinazoshika gurudumu hufanya injini ivute mzigo usioonekana. Rimu ya moto kuliko wenzake huitambulisha. Pampu ya dizeli iliyofunguliwa ili kuongeza nguvu hutoa mafuta mengi kuliko yanavyoweza kuungua vizuri, moshi mweusi hutoka, na joto huongezeka. Mzigo uliozidi hauhitaji maelezo.

Rejeta

Uchunguzi wa rejeta huanzia nje. Pumba za mpunga, mbegu za nyasi, wadudu na vumbi lililochanganyika na oili hujaza nafasi kati ya mapezi, na mara nyingi uchafu umejificha kati ya rejeta na kipoozi cha oili au cha hewa kilicho mbele yake. Taa ikimulikwa upande mmoja wakati wa giza, upande wa pili huonyesha wazi ni sehemu gani imekufa. Kusafisha hufanywa kwa maji ya nguvu ndogo kutoka upande wa feni kwenda mbele. Maji ya nguvu kubwa hulaza mapezi na kuifanya hali iwe mbaya kuliko mwanzo.

Kuziba kwa ndani husomwa kwa joto. Baada ya injini kufika joto lake la kazi na kuzimwa, uso wa rejeta ukipimwa sehemu baada ya sehemu unapaswa kupoa taratibu kutoka upande maji yanakoingilia kwenda yanakotokea. Mstari wa baridi katikati ya joto ni mirija isiyopitisha kitu. Rejeta za zamani za shaba zina faida hapa: fundi rejeta anaweza kuyeyusha lehemu, kung'oa tangi la juu, kuchokonoa mirija kwa vipande bapa vya chuma na kulirudisha. Zile za alumini zenye matangi ya plastiki hazikubali kazi hiyo.

Ukoko unaoziba mirija ni uleule unaoonekana ndani ya birika la chai. Maji ya kisima yanapochemka na kujazwa tena kila siku, mvuke huondoka na madini hubaki. Ukoko huo hauishii kwenye rejeta. Huganda pia kwenye kuta za silinda, na kwa kuwa haupitishi joto vizuri, chuma huwa cha moto kuliko geji inavyoonyesha. Kwa hiyo lori linaloongezwa dumu la maji kila safari linaumia mara mbili, kwa uvujaji wenyewe na kwa dawa inayotumiwa kuufidia. Maji ya mvua yaliyokingwa kwa usafi ni bora kuliko ya kisima cha chumvi. Bora zaidi ni maji yaliyotoneshwa, yakichanganywa na dawa ya kuzuia kutu inayokubaliwa na mtengenezaji wa injini.

Kuzuia kutu si anasa hata mahali pasipo na baridi ya kugandisha. Katika injini zenye slivu zinazoguswa na maji moja kwa moja, kama zilivyo nyingi za Scania, mtetemo wa slivu hutengeneza viputo vidogo vinavyopasuka na kuchimba chuma kutoka nje. Bila dawa, mashimo hayo hatimaye hutoboa slivu, na maji huingia kwenye oili bila gasketi kuwa na kosa lolote.

Gasketi ya hedi na kompresa

Kufungua hedi ni kazi kubwa, kwa hiyo ushahidi wa gasketi kuungua unapaswa kuwa zaidi ya kubahatisha. Jaribio la zamani bado linafaa. Injini ikiwa baridi kabisa, maji hujazwa hadi mdomoni, mkanda wa wota pampu hutolewa ili maji yasikorogeke, kisha injini huwashwa kwa muda usiozidi dakika moja au mbili. Mapovu yanayopanda mfululizo ni gesi inayosukumwa kutoka ndani ya silinda. Dalili nyingine ni mpira wa juu kuwa mgumu kama gurudumu mara tu baada ya kuwasha, kabla injini haijapata joto la kuongeza shinikizo.

Hata hivyo, mapovu hayathibitishi gasketi peke yake. Malori yenye breki za upepo yana kompresa, na katika injini nyingi hedi ya kompresa hupozwa na maji ya injini. Gasketi yake ndogo ikiungua, upepo huingia kwenye maji na kuleta dalili zilezile: mapovu, maji kutapika, mfumo kujaa hewa. Wapo wenye malori waliofungua hedi, wakaichonga na kununua gasketi mpya, kisha wakakuta gari linatapika maji kama jana. Kutofautisha ni rahisi. Mipira ya maji ya kompresa hutolewa na ncha za upande wa injini huzibwa au kuunganishwa kwa muda, kisha jaribio la mapovu hurudiwa kwa muda huohuo mfupi. Mapovu yakikoma, kosa ni la kompresa. Jaribio hilo ni la gari lililosimama tu. Kompresa isiyopozwa haitakiwi kuendeshwa barabarani.

Oili inayofanana na maziwa ya chai kwenye dipstiki ina maana kwamba maji yamefika kwenye kateri, na injini haitakiwi kuwashwa tena, kwa kuwa beringi hazilindwi na mchanganyiko huo. Oili kuelea juu ya maji ya rejeta mara nyingi hutokana na kipoozi cha oili, kwa sababu injini ikiwa inafanya kazi shinikizo la oili ni kubwa kuliko la maji. Moshi mweupe mzito usiokoma baada ya injini kupata joto, pamoja na maji kupungua bila tone kuonekana chini, huelekeza kwenye silinda. Ikiwa starta inagoma ghafla asubuhi, kuna uwezekano kwamba silinda imejaa maji. Kulazimisha kwa kusukuma gari hupindisha koni rodi.

Themostati iliyotolewa

Katika gereji nyingi za Afrika Mashariki themostati hutolewa na kutupwa kwa hoja kwamba nchi ni ya joto na haihitajiki. Hoja hiyo haina msingi. Katika injini nyingi za malori, themostati ikifunguka kuelekea rejeta hufunga wakati huohuo njia ya mkato. Ikitolewa, njia hiyo hubaki wazi siku zote na sehemu ya maji ya moto hurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Matokeo yake ni injini iliyo baridi mno asubuhi na kwenye tambarare, inayokula mafuta na kusaga ringi zake, lakini inayochemsha mlimani, mahali ambapo ilitarajiwa kusaidika.

Themostati hupimwa kwa sufuria ya maji jikoni. Huning'inizwa kwa uzi isiguse chini, maji hupashwa moto taratibu, na joto ambalo inaanza kufunguka hulinganishwa na namba iliyogongwa kwenye bamba lake.

Dawa za barabarani kama mayai mabichi au pilipili manga ndani ya rejeta huziba tundu dogo kwa saa chache. Huziba pia mirija iliyokuwa mizima, na fundi anayekuja baadaye hulazimika kuosha mfumo wote kabla ya kutambua kosa la awali.

Gari linapochemsha mlimani

Dereva anayeona joto linapanda hupunguza mzigo wa injini mapema kwa kushusha gia na kulegeza mafuta, ili pampu na feni zizunguke vizuri bila injini kuvutishwa. Kama bado ina maji na oili ina shinikizo, ni afadhali isimamishwe ikiwa inanguruma polepole kwa dakika kadhaa kuliko kuzimwa ghafla, hasa ikiwa na tabo. Kama maji yamemwagika, huzimwa mara moja.

Lori lililosimama kwenye mteremko likiwa limezimwa halina kompresa inayojaza upepo. Malori ya zamani yasiyo na breki za springi, au yenye springi zilizochoka, huanza kurudi nyuma upepo unapovuja. Jukumu la kwanza la utingo ni kuweka kabari au mawe nyuma ya magurudumu kabla ya mtu yeyote kusogelea boneti. Mawe hayo huondolewa barabarani gari linapoondoka. Yakiachwa huwa hatari kwa pikipiki na mabasi ya usiku.

Kifuniko hakifunguliwi wakati mpira wa juu bado ni mgumu. Maji yaliyo zaidi ya 100°C chini ya shinikizo hugeuka mvuke mara shinikizo linapoachiwa, na hurukia uso na kifua cha aliyeinama juu yake. Mtu husubiri hadi mpira ubonyee kwa urahisi, hufunika kifuniko kwa kitambaa kinene, hukizungusha hadi hatua ya kwanza, na kusubiri tena. Maji ya baridi hayamiminwi ndani ya injini ya moto wala juu yake, kwani hedi ya chuma hupasuka kati ya valvu. Injini ikishapoa kiasi cha kushikika kwa mkono, huwashwa na maji kuongezwa kidogo kidogo.

Baada ya matengenezo

Mfumo uliofunguliwa hujazwa taratibu, gari likiwa limeelekeza pua juu na bomba la hita likiwa wazi, ili hewa ipate pa kutokea. Injini huachwa hadi themostati ifunguke, jambo linalotambulika kwa mpira wa juu kupata joto ghafla, kisha huzimwa, hupoa na kiwango cha maji huangaliwa tena. Katika siku za mwanzo huangaliwa kila asubuhi kabla ya kuwasha. Maji yakipungua bila kuacha alama chini ya gari, uchunguzi unarudi kwenye gasketi, slivu na kompresa.